Mwezi mpevu nyuma ya kilima: kwa nini kwenye picha unabaki kidoti

"Kila mwezi mpevu natoka kuupiga picha ukichomoza nyuma ya kilima kilicho mashariki mwa tunapoishi. Kwa macho unakuwa mkubwa kama sinia, rangi ya chungwa. Nikirudi nyumbani na kuangalia picha, naona kidoti cheupe kisicho na alama yoyote, na kilima cheusi tii. Nikiongeza mwanga kilima kinaonekana lakini mwezi unaungua. Nikipunguza, mwezi unatulia lakini kilima kinapotea. Nina kamera yenye sensa ndogo na lenzi ya 18-55, nina simu, na naweza kuazima lenzi ya 70-300. Rafiki mmoja ananishauri ninunue lenzi ya milimita 600, mwingine anasema nisubiri supamuni. Je, tatizo ni kamera au ni mimi?"

Azima hiyo 70-300, na wazo la lenzi ya 600 liweke kando kwa sasa. Katika maelezo yako kuna mambo mawili yaliyochanganyika: udogo wa mwezi na kuungua kwake. Kwa kuwa yanatokea kwenye picha moja, ni rahisi kudhani ni tatizo moja linalohitaji kifaa kimoja kikubwa. Kila moja lina sababu yake na dawa yake, na dawa zote mbili zinategemea zaidi mahali unaposimama na jioni unayoichagua kuliko kamera uliyoishika.

Nianze na udogo. Ule mwezi uliouona kama sinia haukuwa mkubwa; ubongo ndio uliokukuzia. Jioni ijayo ukitaka kuhakikisha, nyoosha mkono wote mbele yako, inua kidole kidogo na ufunike mwezi ukiwa ndiyo kwanza unaachana na kilima. Kidole kitaufunika na nafasi itabaki. Rudia baada ya saa kadhaa ukiwa juu utosini, utaona kidole kinaufunika vilevile. Mwezi unachukua takriban nusu digrii ya anga, uwe chini au juu. Tena ukiwa chini ni mdogo kidogo, kwa karibu asilimia 1.7, maana wakati huo uko mbali nawe zaidi kwa kilomita elfu sita na ushei, yaani nusu ya unene wa dunia. Kwa nini ubongo unaukuza, wataalamu wa macho na akili bado wanabishana. Kamera haina ubishi huo: inaandika nusu digrii na kunyamaza.

Nusu digrii ni ndogo kiasi gani kwenye picha? Kuna hesabu moja nyepesi ambayo itakufaa maisha yako yote. Gawanya urefu wa fokasi wa lenzi (ile namba ya milimita iliyoandikwa juu yake, kama 18 au 300) kwa 110, jibu ni kipenyo cha mwezi kwa milimita kwenye sensa, kile kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Lenzi yako ikiwa kwenye 18, mwezi ni milimita 0.16 kwenye sensa yenye upana wa milimita 23.5 hivi. Kwa picha yenye upana wa pikseli 6,000, hizo ni pikseli kama 40. Hicho ndicho kidoti chako. Kwenye 55 unafika nusu milimita, pikseli 130 hivi. Kwenye 300 unapata milimita 2.7, karibu pikseli 700, na hapo yale mabaka meusi ya uso wa mwezi yanasomeka bila kukodoa macho. Kamera kuu ya simu nyingi huupa mwezi pikseli kama 30 tu, na ukivuta kwa vidole kwenye kioo unakuza pikseli zilezile 30.

Lakini lenzi ndefu ni nusu ya jibu. Ukiweka 300 ukasimama palepale, mwezi unakua na kilima nacho kinakua; uwiano wao haubadiliki hata kidogo. Zile picha ambazo mwezi umejaa nyuma ya mti au mtu zinatokana na umbali. Mpigaji amerudi nyuma sana, mti ukawa mdogo machoni, mwezi ukabaki vilevile kwa sababu hatua zako hazina maana yoyote kwa kitu kilicho kilomita 384,000 kutoka hapa. Kisha lenzi ndefu ikawakuza wote wawili.

Namba 110 inarudi tena hapa. Zidisha kimo cha kitu kwa 110 na utapata umbali ambao kitu hicho kinalingana na mwezi. Mti wa mita 10 unalingana nao ukiutazama kutoka mita 1,100. Ukiusogelea hadi mita 100, mti unakuwa mara kumi na moja ya mwezi, na hapo hata lenzi ya 600 haikuokoi. Mtu wa mita 1.7 analingana na mwezi akiwa mita 190 kutoka kwako. Ukitaka mwezi uwe mara mbili yake, mtume asimame mita 375. Watu wengi wanaotaka mwezi mkubwa hufanya kinyume: wanakisogelea kilima. Wewe tafuta kitu kimoja kinachosimama peke yake mgongoni mwa kilima, mti, mnara au jiwe lenye umbo, kisha tafuta mahali pa kukitazama kutoka kilomita moja au mbili bila nyaya wala paa mbele yako. Kazi hiyo ifanye mchana. Ndiyo inayochosha kuliko zote, na ndiyo inayotengeneza picha.

Kwa lenzi ya 600 sikukatazi, ila ujue unanunua nini. Kwenye kamera yako mwezi utachukua zaidi ya theluthi moja ya kimo cha picha. Mandhari itakuwa imekwisha, utabaki na mwezi na kipande cha tawi. Kila mtikisiko utaonekana, na mvuke wa hewa ya moto unaopanda kutoka ardhini utazifanya kingo za mwezi zichezecheze. Kwa picha ya mwezi na ardhi, mimi huwa naridhika kati ya 200 na 300.

Supamuni nayo, yaani mwezi mpevu unaotokea ukiwa karibu zaidi na dunia, isikupotezee muda. Umbali wa mwezi hubadilika kati ya kilomita 356,500 na 406,700 hivi. Supamuni kubwa kabisa inazidi mwezi mpevu ulio mbali kabisa kwa asilimia 14 ya kipenyo, na inazidi ule wa wastani kwa asilimia 8 hivi. Ukiweka picha mbili pembeni kwa pembeni utaona tofauti. Ukiwa na moja tu huwezi kujua ni ipi.

Tuje kwenye kuungua, ambako nadhani ndiko ulikohangaika zaidi. Uso wa mwezi unaouona usiku ni ardhi iliyo juani, mchana kweupe. Jua linaloupiga ni hilohilo linalokupiga wewe saa sita mchana, na kutoka umbali uleule kwa kukadiria. Wala uso huo si mweupe, unarudisha takriban asilimia 12 tu ya mwanga unaoupokea. Ndiyo maana mwezi ukiwa juu, anga likiwa safi, unapigwa kwa mipangilio ya mchana: ISO (wepesi wa sensa kupokea mwanga) 100, tundu la lenzi f/11, na shata, yaani muda ambao mwanga unaruhusiwa kuingia, 1/100 ya sekunde. Kilima chako usiku kinapata mwanga wa mwezi peke yake, na huo ni dhaifu kuliko wa jua takriban mara 400,000. Hakuna sensa inayobeba tofauti hiyo kwenye picha moja. Kamera ikiachiwa iamue yenyewe, inapima fremu nzima, inaona giza limejaa, inaacha shata wazi muda mrefu, na kile kipande kidogo cha mchana kinaungua. Kupandisha na kushusha kwako hakujazaa kitu kwa sababu unachokitafuta hakipo usiku.

Kipo jioni, jua likiwa ndiyo limezama. Wakati huo anga bado linakimwagia kilima mwanga wa kutosha. Mwezi nao, ukiwa chini kabisa, mwanga wake unapita kwenye hewa nyingi mara 38 hivi kuliko ukiwa utosini. Hewa hiyo inatawanya bluu na kuacha njano na nyekundu, ndiyo ile rangi ya chungwa uliyoipenda, na papo hapo inapunguza ukali wa mwezi. Kwa hiyo kila dakika kilima kinafifia na mwezi unang'aa zaidi, na kuna mahali vinapokutana. Karibu na ikweta makutano hayo huwa kati ya dakika ya 5 na ya 20 baada ya jua kuzama. Mbali na ikweta giza haliingii kwa kasi, kwa hiyo unapata muda mrefu zaidi.

Sasa jioni ipi? Kalenda inawaponza wengi hapa. Mwezi huchelewa kuchomoza kila siku, kwa wastani dakika 50. Tuseme kalenda imeandika mwezi mpevu tarehe 12, nawe ukatoka jioni ya tarehe 12. Tukio lenyewe, ile dakika ambapo mwezi uko mkabala na jua, linaweza kuwa saa 9 usiku wa kuamkia hiyo tarehe 12. Ikiwa hivyo, jioni ya tarehe 11 mwezi utachomoza kama dakika 20 kabla ya jua kuzama, na jioni ya tarehe 12 utachomoza kama nusu saa baada yake, giza likiwa limeshatanda. Umeifuata kalenda na picha imekupita. Kwa macho, mwezi wa jioni zote mbili ni duara. Hakuna atakayeitazama picha yako akasema umepungua. Usiwe mtumwa wa mwezi wa kumi na nne. Angalia saa ya jua kuzama na saa ya mwezi kuchomoza kwa jioni tatu zinazofuatana, uchague ile ambayo saa hizo mbili zinakaribiana.

Ansel Adams, mpigapicha wa Marekani, alipopiga mwezi juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, tarehe 1 Novemba 1941, mwezi ulikuwa bado haujatimia na ulikuwa umeshapanda, huku jua la mwisho likigusa misalaba ya makaburini. Kipima mwanga chake hakukiona kwa haraka. Alikokotoa kwa kichwa kutokana na mng'ao wa mwezi aliokuwa akiujua, mishumaa 250 kwa futi moja ya mraba. Mwezi haukuhitaji kupimwa kwa sababu mwanga wake haubadiliki kiholela. Ardhi ndiyo iliyokuwa ikimkimbia.

Halafu kuna kilima chenyewe. Saa za kuchomoza unazozisoma zimekokotolewa kwa upeo tambarare, kama wa baharini. Pima kilima chako kwa mkono ulionyooshwa: kidole kidogo ni digrii moja, ngumi ni digrii kumi hivi. Karibu na ikweta mwezi unapanda karibu wima, na kila digrii ya kilima inakuchelewesha dakika nne. Kilima cha digrii tatu, basi, ni dakika 12 za kusubiri, na ule mfano wa tarehe 11 unakuwa mzuri zaidi: mwezi utachungulia jua likiwa linaaga. Ukiwa mbali na ikweta unapanda kwa mshazari, kwa hiyo utachelewa zaidi na utatokea pembeni ya pale ulipodhani, upande wa kulia ukiwa kaskazini mwa ikweta na kushoto ukiwa kusini.

Mahali utakapotokea nako hubadilika mwaka mzima. Mwezi mpevu uko mkabala na jua, kwa hiyo mwezi Juni unachomoza kusini ya mashariki, kule ambako jua huchomozea Desemba, na mwezi Desemba unachomoza kaskazini ya mashariki. Mti wako mmoja juu ya kilima hautapata mwezi nyuma yake kila mara, labda jioni chache kwa mwaka. Usikisie. Stellarium ni programu ya bure ya kompyuta inayokuonyesha anga la mahali na saa unayoitaka, na zipo za simu zinazochora mstari wa mwezi juu ya ramani. Mstari huo uamini kuliko dira ya simu, ambayo hupotoshwa na chuma kilicho karibu, hata bodi ya gari uliloegemea.

Jioni yenyewe fika mapema. Weka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, zima kitulizi cha mtikisiko cha lenzi, na tumia kipima muda cha sekunde mbili ili kidole chako kisiitikise. Chagua kwanza ukubwa wa zumu, kisha ndipo ufanye fokasi. Lenzi nyingi za aina ya 70-300 hupoteza fokasi ukigusa zumu baadaye. Alama ya kisichokoma (∞) iliyo kwenye pete ya lenzi usiifuate kwa imani. Washa kioo cha nyuma, kuza sehemu yenye mti hadi mwisho, zungusha pete mpaka matawi yatengane moja moja, kisha zima fokasi ya kujiendesha na usiguse tena. Kwenye 300 na f/8, fokasi ikiwa mbali kabisa, kila kitu kilicho zaidi ya mita 560 hivi kinakuwa kikali kwa kamera kama yako. Mti ulio kilomita moja na mwezi vitakuwa sawa pamoja. Hiyo ni faida nyingine ya kurudi nyuma.

Anza na f/8, ISO 400, shata 1/60, kila kitu kwa mkono, na uhifadhi faili ghafi (RAW), yaani picha kabla kamera haijaichakata. Mizani ya rangi iweke kwenye alama ya jua. Ukiiacha ijiamulie, itaiona ile chungwa kama kosa na kuisafisha. Washa onyo la sehemu zilizoungua, lile linalomemeta kwenye kioo. Likimemeta juu ya mwezi, fupisha shata. Kilima kikionekana cheusi kidogo kuliko ulivyotaka, kivumilie, maana kwenye faili ghafi giza linainulika kwa kiasi fulani, ila mwezi ulioungua haurudi. Angalia tena kila dakika, kwa sababu mwezi unapopanda unang'aa zaidi. Usirefushe shata ukavuka 1/8. Mwezi unasogea kiasi cha kipenyo chake kila dakika mbili, na kwenye 300 sekunde nzima inatosha kuzifanya kingo ziwe laini. Bora upandishe ISO hadi 800 na kukubali chenga kidogo, zile punje zinazotokea kwenye picha. Ukiuona umebapa upande wa chini, usishtuke wala usiurekebishe kwenye kompyuta: hewa inaupinda mwanga wa chini zaidi ya ule wa juu.

Kwa simu pekee, kubali kwamba mwezi utakuwa mdogo na uufanye kuwa sehemu ndogo ya mandhari pana. Bonyeza juu ya mwezi, funga fokasi, vuta mwanga chini. Simu yenye lenzi halisi ya kuvutia mbali hufanya vizuri zaidi, ingawa baadhi ya simu zikitambua mwezi huongeza alama ambazo lenzi haikuziona. Kama hilo linakukera, zima hali ya kuboresha picha.

Utauliza kuhusu kuunganisha picha mbili. Mimi sina ugomvi na mtu aliyepiga kilima jua likizama, akapiga mwezi dakika chache baadaye kwa lenzi ileile, stendi haijasogea, akaziunganisha na kusema hivyo. Hiyo ni njia ya kushinda upungufu wa sensa. Kuubandika mwezi wa 600 juu ya mandhari ya 18 ni jambo lingine, na mara nyingi hujifichua lenyewe: mwezi umekaa mbele ya wingu, au mwezi mpevu uko kando ya jua linalozama, jambo lisilowezekana kabisa.

Ukifanya yote haya na picha bado ziwe na ukungu, ifanyie lenzi mtihani mchana kabla hujailaumu. Iweke kamera kwenye stendi, lenga ukuta wa matofali au bango lenye maandishi ulio mbali, asubuhi kabla hewa haijapata moto, na upige kwa f/8. Upande mmoja ukiwa mkali na mwingine ukiwa laini, vioo vya ndani vimehama. Pote pakiwa na utando, elekeza tochi ndani ya lenzi na uangalie kama kuna nyuzinyuzi za kuvu. Hayo mawili hayatibiki kwa mipangilio. Peleka lenzi kwa fundi wa kamera, na kwa kuwa ni ya kuazima, mwenyewe ajue kabla hujaipeleka. Na unapojaribu lenzi ndefu mchana, usilielekeze jicho kwenye jua kupitia kitundu cha kutazamia hata kwa sekunde moja. Tatizo likiwa kwenye mipangilio, maneno yangu yatafika mahali yataishia. Tafuta mpigapicha wa mandhari aliye karibu nawe, mwombe jioni moja, na simama naye akiwa anafanya fokasi. Mahali penyewe pakiwa ni porini au kwenye shamba la mtu, omba ruhusa mchana na usirudi peke yako gizani.